Foleni ya Tunduma, shoti ya dizeli na fomu 52 za wanachama: kisa cha chama cha madereva wa malori

Kampuni tunayoichambua hapa ina yadi pembeni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Jina hatulitaji kwa sababu si kampuni moja. Tumeunganisha mambo yanayojirudia katika yadi nyingi za Kurasini, Tabata na Mbezi, tukayapa hesabu za mfano ili msomaji aone shilingi zinavyotembea. Sheria tunazozitaja, hizo ni zenyewe.

Kampuni ina vichwa 64 vya malori na madereva 78. Njia yake kuu ni Tunduma, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa hadi Lubumbashi, kama kilomita 2,000 kwenda tu. Mshahara wa msingi ni shilingi 380,000 kwa mwezi. Juu yake kuna posho ya safari, ambayo madereva wenyewe wanaiita mileji: shilingi 900,000 kwa Lubumbashi kwenda na kurudi, inayotolewa siku gari linapotoka yadini. Humo ndani kuna chakula, maegesho, vocha, mlinzi wa usiku na yale mambo ya njiani yasiyo na risiti.

Mileji hiyo ilipangwa kwa safari ya siku 14. Safari ikiisha kwa siku hizo, dereva ana kama 64,000 kwa siku, na akijibana anarudi nyumbani na kitu. Foleni ya mpaka wa Zambia pale Tunduma ikivimba, na Kasumbalesa, mpaka wa Congo, nako kukawa hivyo hivyo, safari inafika siku 26 na pesa ni ile ile. Sasa ana chini ya 35,000 kwa siku, na siku za mwisho anakula kwa mkopo.

Hilo ni dai la kwanza. La pili ni dizeli.

Kampuni inampa dereva lita 1,750 kwa safari nzima. Hesabu ya ofisini ni kwamba gari lililobeba linakwenda kilomita 2 kwa lita, na likirudi tupu linakwenda karibu 3. Dereva mmoja alirudi na upungufu, au shoti, ya lita 140. Ofisi ikazidisha kwa 2,800, ikapata 392,000, ikakata. Mshahara wa mwezi ule ukaisha wote na deni la 12,000 likabaki kitabuni.

Je, aliiba? Kunyonya mafuta kupo, na anayekataa hajawahi kuona madumu yakipangwa nyuma ya vibanda vya njiani. Ila lita 140 zina maelezo mengine. Lori likiwa kwenye foleni halizimwi moja kwa moja. Kila linaposogea mita chache, upepo wa breki unatumika, na ukishuka breki za maegesho hazifunguki mpaka injini iungurume tena na kujaza matangi. Anayelala ndani ya kibini naye anahitaji betri isife. Injini inayounguruma bila kutembea inakula lita 2 hadi 3 kwa saa. Foleni ya siku tano, injini ikiwashwa saa tisa kwa siku, ni saa 45. Zidisha kwa 3: lita 135. Shoti karibu yote imeshapatikana, na hakuna dumu lililojazwa.

Ushahidi wa hili unakaa ofisini kwa tajiri mwenyewe, yaani mwenye malori. Kifaa cha kufuatilia gari kinaandika saa ambazo swichi iliwashwa huku mwendo ukiwa sifuri. Tatizo ni kwamba dereva mmoja mmoja akiuomba mchapisho ule anaambiwa akae pembeni, kuna watu wanasubiri gari.

Kosa la Vigwaza

Kabla hakujawa na chama, kulikuwa na kundi la WhatsApp. Usiku mmoja ujumbe wa sauti ulizunguka: kesho hakuna kuvuka mizani. Malori 11 yaliyokuwa yamebeba mzigo wa transiti yakaegeshwa karibu na mizani ya Vigwaza kwa siku mbili, madereva wakidai wote kwa pamoja mileji iongezwe na makato ya dizeli yarudishwe.

Madai yote mawili yalikuwa na haki. Ila yana milango miwili tofauti, na wao walibisha mlango usio na mtu.

Makato ya dizeli ni malalamiko ya haki ambayo tayari imeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwajiri kukata kwa ajili ya hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi akaridhia kwa maandishi, akapewa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ilivyopatikana, na akapewa nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayavuki robo ya ujira wa fedha. Kwa mshahara wa 380,000 peke yake, robo ni 95,000. Mgogoro wa namna hii haugomewi. Unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60.

Kuongeza mileji ni mgogoro wa maslahi: unadai kitu ambacho bado hujakipata kwenye mkataba. Hapo mgomo unaruhusiwa, lakini una ngazi zake. Mgogoro unapelekwa CMA, unasuluhishwa kwa siku 30, ukishindikana chama kinapiga kura kwa mujibu wa katiba yake, wengi wa waliopiga wakikubali mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Usafirishaji wa mizigo haumo kwenye orodha ya huduma muhimu zilizonyimwa mgomo, isipokuwa usafiri unaohitajika ili huduma kama maji, umeme au hospitali ziendelee. Kwa hiyo dereva wa kontena anaweza kugoma kihalali kabisa. Wale 11 hawakuwa na chama, hawakuwa na kura, hawakuwa na notisi, na walikuwa wamekaa na mzigo wenye lakiri ya forodha barabarani.

Tajiri alitoa onyo la maandishi la kurudi kazini kwa saa kadhaa. Wanane walirudi. Watatu walisubiri wenzao, wakaachishwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30, si 60. Wawili waliwahi. Wa tatu alikwenda kwanza kwao Singida kupumzisha akili, akarudi siku ya 47, na kabla ya kusikilizwa ikabidi ajaze fomu namba 2 kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku aliyochelewa. Wote waliishia kumalizana mbele ya msuluhishi kwa malipo ya notisi na likizo. Kazi hawakurudishiwa.

Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, wakidai pamoja na mengine mikataba ya ajira, na Serikali ikaja mezani. Tangu hapo madereva wengi wanaamini kwamba kuegesha gari ndiyo lugha pekee inayosikika. Kwa Serikali, pengine. Kwa tajiri mmoja mwenye wanasheria, kuegesha bila kura kunampa yeye karatasi aliyokuwa anaitafuta.

Fomu 52

Kosa la kwanza ambalo kundi lile la WhatsApp lilikaribia kulifanya lilikuwa kujisajili kama umoja wa kusaidiana: kuzikana, kuchangiana, kununua kiwanja. Ni kitu kizuri, lakini umoja wa aina hiyo hauna haki ya kumkalisha mwajiri mezani. Haki hiyo ni ya chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa kwa Msajili chini ya sheria ile ya 2004. Watu 20 wanatosha kuanzisha kipya, ila njia fupi ni kuingia kwenye kilichopo na kufungua tawi. Walichagua njia fupi.

Kisha inakuja hesabu. Ili chama kitambuliwe kuwa msemaji pekee, lazima kiwe na wengi katika kundi la majadiliano, yaani wafanyakazi ambao kinataka kuwasemea. Wengi wa 78 ni 40. Kuwapata 40 kwenye kiwanda cha nguo ni kazi ya wiki moja, unasimama getini zamu inapobadilishana. Yadini kwa siku moja kuna madereva 15, pengine 20, nao wanahangaika na tairi, makaratasi na mileji. Wengine wako Mikumi, wako Mpika, wako Lubumbashi wanasubiri kushusha. Wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1939, 1943 na 1947 wakiwa na faida ambayo dereva hana: wote walikuwa wanaonana kila asubuhi kwenye gati moja. Udhaifu wa chama cha madereva unaanzia hapa, kabla hata ya kumgusa tajiri.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa foleni yenyewe. Fomu za TUF 6, zile za kuruhusu mwajiri akate ada, zilipelekwa Tunduma kwa dereva mmoja mwaminifu, zikajazwa juu ya boneti na kwenye viti vya mama ntilie. Miezi minne ikaleta fomu 61. Mwajiri akakataa tisa. Majina hayakufanana na ya orodha ya mishahara: kwenye leseni mtu ni Juma Hamisi, kwenye malipo ni Hamisi Juma, na saini ya fomu ni ya kitambulisho cha NIDA chenye majina matatu. Zikabaki 52. Anayekusanya fomu leo aanze na karatasi ya malipo ya mwezi uliopita, aandike jina kama lilivyo huko, hata kama limekosewa.

Fomu 52 ni nyingi kuliko 40. Tajiri hakubishana na idadi, alibishana na kundi. Akasema kundi la majadiliano ni kampuni nzima: madereva 78, mafundi 26, utingo 12 na ofisi 24, jumla 140. Wengi wa 140 ni 71. Kwa sentensi moja chama kilichoshinda kikawa kimeshindwa. Mabishano hayo sheria inayapa njia: mwajiri ana siku 30 tangu apewe notisi ya kukutana na chama, wasipoelewana inakwenda CMA, na ikishindikana huko, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kinachoangaliwa, pamoja na mengine, ni matakwa ya pande zote mbili, aina ya kazi na namna kampuni ilivyopangwa. Hoja ya chama ilikuwa nyepesi na nzuri: fundi analala nyumbani kwake Tandika, dereva analala ndani ya kibini siku 20, mmoja analipwa kwa mwezi tu, mwingine na kwa safari pia. Msuluhishi aliisikia, na tajiri akakubali kundi la madereva peke yao kabla haijafika mahakamani.

Ndani ya wale 78 kulikuwa na 19 wasio na mkataba wowote, deiwaka, wanaolipwa safari kwa safari. Tajiri aliwaita wakandarasi. Sheria ya Taasisi za Kazi inadhania mtu ni mwajiriwa kama, kwa mfano, anapangiwa namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sharti moja tu likitimia, anayepinga ndiye athibitishe. Dereva anayekabidhiwa kichwa na tela vya mtu, na kufuatiliwa kwenye kioo cha kompyuta mchana na usiku, atakuwaje mkandarasi?

Kilichomleta tajiri mezani

Watu hudhani ni tishio la mgomo. Katika kisa hiki ilikuwa saa za kazi.

Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, 9 kwa siku, na ziada isiyozidi saa 50 katika wiki nne, ikilipwa mara moja na nusu. Mshahara wa 380,000 ukigawanywa kwa saa 195 za mwezi unatoa 1,949 kwa saa. Ziada ni 2,923. Saa 50 ni 146,000 na ushee kwa dereva mmoja, na kwa madereva 78 ni milioni 11.4 kila wiki nne. Kampuni haikuwa inalipa hata senti ya ziada. Ilisema mileji imefunika kila kitu. Lakini hiyo hiyo mileji, ilipofika kwenye hesabu ya michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF, ofisi ilisema ni pesa ya kujikimu njiani, si ujira. Huwezi kula pande zote mbili za chapati.

Sasa, ipo njia ya kisheria ya kupanga saa kwa wastani, ili wiki ndefu ya kwenda Congo ifidiwe na wiki ya kukaa yadini: wastani wa saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki, kwa kipindi kisichozidi mwaka. Njia hiyo inapatikana kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, peke yake, na mkataba wa hali bora hausainiwi bila chama. Siku mwanasheria wa kampuni alipolitambua hilo, simu zilianza kupokelewa.

Mkataba uliosainiwa, wa miaka miwili, una mambo manne ya maana. Mileji imebaki 900,000 kwa siku 14, na kuanzia siku ya 15 dereva analipwa 20,000 kwa siku ya foleni. Safari ile ya siku 26 sasa inaongeza 240,000. Shoti ya dizeli haikatwi mpaka mchapisho wa kifaa uwekwe mezani na saa za kuunguruma zitolewe kwa lita 3 kwa saa. Saa zinapangwa kwa wastani wa miezi sita. Na mgomo ukitokea, gari lililokwisha kuvuka Tunduma linamaliza safari na kurudi. Hakuna kutelekeza mzigo nchi ya watu.

Shoti 31 za nyuma zilipitiwa upya. 22 zilielezeka kwa saa za foleni na pesa zikarudi. Tisa hazikuelezeka. Tawi lilikubali makato ya zile tisa, kwa robo robo, na hilo liliwaudhi wanachama kuliko jambo lolote lile. Tunaona lilifanya sawa: ukimtetea mwizi wa mafuta, ushahidi wa kifaa hautakusaidia tena kwa asiye mwizi.

Bei yake

Ada katika kisa hiki ni asilimia 2 ya mshahara wa msingi: 7,600 kwa mwezi. Kwa wanachama 52 ni 395,200, na mwajiri anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, akichelewa anadaiwa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila siku. Dereva anayekwenda Morogoro na kurudi, asiyekaa foleni kamwe, analipa 7,600 ile ile na hapati chochote kwenye kifungu cha siku ya 15. Wawili wa aina hiyo wamekwisha kuandika notisi ya mwezi mmoja ya kujitoa. Wana hoja.

Wasio wanachama 26 wanafaidi mkataba sawa na wengine. Sheria inaruhusu kuwakata ada ya uwakala iliyowekwa kwenye akaunti ya peke yake, isiyoingia kwenye siasa, lakini lazima iandikwe kwenye makubaliano. Tawi lilisahau kuidai. Itabidi lisubiri mazungumzo yajayo.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya malipo. Kwa miaka miwili madereva hawawezi kugoma kwa jambo ambalo mkataba umekwisha kulipanga. Dizeli ikipanda, chakula cha Nakonde, upande wa Zambia, kikipanda, 20,000 ni 20,000. Anayesaini asaini akijua. Na mtaani kuna wenye malori mawili matatu wasio na chama wala saa za wastani. Mteja wa Kariakoo hamuulizi mtu mkataba wa hali bora, anauliza bei kwa tani. Kampuni ikipoteza mzigo kwa hao, vichwa vinapaki, na dereva anayepaki hana mileji kabisa.

Deiwaka 19 walipewa mikataba, ila saba kati yao hawakuitwa tena kwa safari. Kila mmoja aliambiwa kwa simu kwamba gari lake liko gereji. Kumwachisha mtu kwa sababu ya chama ni kosa hata angeachishwa kwa utaratibu gani, lakini kwa mtu asiyeandikiwa barua, siku 30 za CMA zinaanza kuhesabiwa lini? Kwa hawa saba tawi lilichelewa. Kilichotakiwa ni kumwandikia mwajiri siku ile ile ya simu ya kwanza, kuuliza tarehe ya safari ijayo, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Ugomvi uliopo mezani hivi sasa ni wa duara. Siku ya foleni inaanza kuhesabiwa gari linapoingia kwenye duara la kilomita 8 lililochorwa kwenye kifaa kuzunguka boda. Foleni ikizidi, mkia wake unapita Mpemba na kuendelea kurudi nyuma, na dereva aliyesimama siku tatu nje ya duara anahesabiwa kuwa bado yuko safarini. Tawi limeomba duara liwe kilomita 25. Kampuni imejibu 12, na imeomba picha za foleni zenye tarehe na saa.